Goli la Nguzo Tatu

Majina matano yalikuwa kwenye mkono wa kushoto wa Chediel tangu asubuhi, yamepangwa kutoka kiwikoni hadi karibu na kiganja kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu asiye na wasiwasi na jambo lake. La kwanza lilikuwa la Ignas, nahodha. La mwisho lilikuwa la Laurian, kipa, maana Chediel aliamini kwamba kipa asiyejua kupiga penati ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi. Aliyaandika kabla ya chai, kabla gari halijapanda mlima wa Sekenke kuwaleta mjini. Makocha wengine huamka wakiombea ushindi. Yeye aliamka akipanga sare.

Na sare ikaja. Filimbi ya mwisho ilipolia kwenye uwanja wa Mwankoko, timu zilikuwa zimefungana bao moja moja. Upepo ulizoa vumbi ukalimwaga juu ya vijana wa Mwankoko, ambao walijilaza chali kama watu waliokuta mlango umefungwa. Vijana wa Sekenke, mikono yao bado ina makovu ya sururu, walirukiana mabegani. Chediel hakumrukia mtu. Alikunja mkono wa shati, akausoma mkono wake mwenyewe, akacheka.

"Shemeji, unachekea mkono?" aliuliza Dina, ambaye kule machimboni huuza chakula na siku za mechi hufunga jiko akaja na timu, ndoo ya maji kichwani.

"Nasoma ratiba ya fainali."

Alikuwa na haki ya kujiamini. Kanuni ya saba ya Kombe la Alizeti ilisema kwamba mechi ya mtoano ikiisha kwa sare itarudiwa Jumamosi inayofuata, kwenye uwanja wa timu iliyokuja ugenini. Lakini waliotunga kanuni hiyo walikuwa watu wa huku huku, wanaojua kwamba nyumba haikosi mlango wa uani. Wakaongeza mstari mmoja chini yake. Makocha wote wawili wakikubaliana kwa saini, matuta ya penati yatapigwa pale pale. Mmoja akikataa, ni marudiano.

Chediel alikuwa ameupita mlango huo wa uani mara mbili mwaka huu. Alitoka sare na wakulima wa Mkalama, akatoka sare na warina asali wa Rungwa. Kura ilimpeleka ugenini mara zote, na mara zote kocha mwenyeji alitia saini kabla hajaulizwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuteremka Sekenke kwenda kurudia mechi kwenye ardhi iliyotobolewa na wachimbaji tangu enzi za mababu. Kisha Laurian alisimama golini, akanyoosha mikono yake mirefu kama ngazi ya duarani, ya kushukia shimo la dhahabu, na kazi ikaisha. Sekenke ilifika nusu fainali bila kushinda mechi hata moja. Mjini watu walilicheka jambo hilo. Chediel alilicheka kuwazidi, maana alikwisha kujifunza kwamba anayewahi kujicheka huwaachia wengine makombo.

Wala imani yake ya matuta haikuokotwa njiani. Ilitoka kwenye goti la kulia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, winga ambaye mabeki walimjua kwa mgongo tu, pale timu yake ilipotoka sare, ikarudia, ikatoka sare tena, ikarudia. Mechi ya kwanza ilimpa bao. Ya pili ilimpa sifa hadi Kiomboi. Ya tatu, kwenye tope la Desemba, ilimchukulia goti. Tangu siku hiyo, kila aliyemuuliza kuhusu marudiano alipata jibu lile lile: "Sare ni jipu. Litumbue leo. Ukilisubirisha hadi Jumamosi utakuta limezaa." Watu walicheka, naye alichechemea akaenda zake, na hakuna aliyejua kwamba yeye peke yake ndiye hakuwa akitania.

Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Anastazia, aliwaita makocha mezani. Alikuwa mwalimu mstaafu, na hata kwenye uwanja wa mpira alikaa kama mtu anayesimamia mtihani. Fomu ilikuwa mbele yake, imekandamizwa kwa jiwe isipeperuke.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kanuni mnaijua. Matuta au marudiano?"

"Matuta," alisema Mselemu, kocha wa Mwankoko. Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, kofia safi, ndevu zimechongwa, na ulimi usiolala njaa. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake.

"Angalau jifanye unafikiri," Chediel alimtania. "Kipa wako anaukwepa mpira kama ndama anavyokwepa josho."

"Bora akwepe mpira hapa kuliko kukwepa mashimo kwenu. Bwana we, mimi nina watoto wa watu. Mama zao wananijua kwa jina. Nikawateremshe kule, mpira utoke nje, mtoto aufuate, kisha nimwite nani? Nimvute kwa kamba?"

Waliokuwa karibu na meza walicheka. Mselemu aliinama akatia saini, na akiwa bado ameinama akasema, safari hii bila utani, kama mtu anayemweleza mwenzake hali ya barabara: "Kusema kweli, Chediel, bora unitoe hapa kuliko nikushinde kule."

Chediel alicheka. Meno yalifanya kazi yao ya kila siku. Lakini kicheko hakikushuka. Kilikwama njiani, kama ndoo iliyonasa ukutani mwa kisima. Mtu huyu alikuwa tayari kupoteza kombe ili mradi asikanyage Sekenke. Na yeye Chediel, msimu mzima, alikuwa akiula woga huo kama chakula.

"Mwalimu, nipe dakika tano," alisema.

"Ninakupa nne," alisema Anastazia. "Moja umeitumia kucheka."

Wachezaji walikuwa wamekaa nyuma ya goli wakipokezana kopo la maji. Laurian alikwisha kuvaa glovu. Alikuwa akizigonganisha, mbata, mbata, kama anayebisha hodi fainali.

"Kocha, umesaini?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Ignas, nahodha, alikuwa akifungua kamba za kiatu kimoja, akizifunga upya, akizifungua. Alikuwa kijana wa maneno machache, wa kuonekana zaidi kuliko kusikika. "Kocha," alisema bila kuinua uso, "miaka saba nacheza. Mke wangu hajawahi kuniona uwanjani. Ananijua kwa kufua jezi tu."

"Atakuona na medali," alisema Laurian.

"Medali haikimbii."

"Ignas, sikiliza. Wale wana mbio kutuzidi. Leo tumewakaba kwa bahati na kwa upepo. Tukirudiana, kwetu au kwao, watatufunga mabao matatu, na mimi ndiye nitakayeyaokota. Hapa, kwa matuta, nawamaliza. Hili si jambo la kubishania."

Alisema kweli, na kila mtu alijua. Chediel mwenyewe asingeweza kulipanga vizuri zaidi. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyoyapanda kwa kijana huyo mwaka baada ya mwaka. Alimgeukia Dina.

"Usinitazame mimi," alisema Dina. "Mimi ni wa maji." Alikung'uta kopo, akalirudisha kwenye ndoo. "Ila siku ile, shemeji, ulicheka."

Hakuhitaji kumwambia siku ipi.

Uwanja wa Sekenke ulikuwa maduara kumi na moja kabla haujawa uwanja. Mashimo yaliyochimbwa, yakakamuliwa, yakaachwa wazi kama midomo. Watu wa machimbo waliyafukia kwa mikono misimu miwili ya kiangazi, kila kaya na debe lake, jioni baada ya kazi. La mwisho lilikuwa duara la Gerald, mume wa Dina, mchezaji mwenza wa Chediel tangu ujana. Boriti ya juu ilivunjika yeye akiwa chini. Walimtoa siku ya pili. Duara lile liliangukia hasa mahali pa kupigia penati, upande wa kaskazini, na Dina ndiye aliyemwaga debe la mwisho, akalishindilia kwa miguu yake bila kuruhusu mtu mwingine asogee.

Kisha wakajenga magoli. Waliyajenga kwa miti wanayoijua, matimba yale yale wanayosimamishia kuta za maduara. Na walipoinua mti wa juu, ule ambao wachezaji huuita mtambaa panya, wakausimika kwenye nguzo mbili na kurudi nyuma kuutazama, kundi zima liliona kitu kimoja. Hatua saba na ushei za mti mtupu, hewani, bila kitu chini yake. Hakuna mchimbaji anayepita chini ya boriti kama hiyo. Hakuna aliyependekeza wala aliyebisha; kabla jua halijazama walikuwa wamechimba shimo la tatu, wakasimika nguzo katikati ya goli. Upande wa kusini, vivyo hivyo. Wakalala usingizi mzuri.

Mkaguzi wa viwanja alikuja kutoka mjini mwaka jana. Alisimama mbele ya goli la nguzo tatu, akavua miwani, akaivaa, akacheka hadi akakaa chini. "Hili ni goli au zizi?" aliuliza. Na Chediel, ambaye alijua kila mti pale na sababu yake, ambaye alikuwa amesaidia kumtoa Gerald kwa mikono yake hii hii, alicheka naye. Akaongeza hata ya kwake: "Mzee, sisi huku kipa tunampa pa kuegemea." Mkaguzi alimpiga begani, akaandika kwenye daftari kwamba uwanja haufai.

Dina alikuwa amesimama mahali pa kupigia penati. Mwaka huu, wiki moja kabla ya ukaguzi mwingine, watu walikuta nguzo za katikati zimelala kando, pande zote mbili, na Dina anafukia shimo la pili kwa miguu, sururu ya marehemu mumewe begani. Uwanja ukapita. Kibali kikaja na mhuri. Na tangu kije, hakuna timu iliyokanyaga pale, kwa sababu kocha wa Sekenke alikuwa bingwa wa kutia saini.

Chediel aliutazama mkono wake. Majina yalikuwa yameanza kuyeyuka kwa jasho, lakini bado yalisomeka. Aliona wazi kama mchana kwamba hakuwahi kuchukia marudiano kwa ajili ya timu. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akiwaongoza vijana wenye magoti mazima kwa hofu ya goti lake. Alitia dole gumba mdomoni, akalilowesha, akaanza kufuta kuanzia jina la mwisho.

"Kocha!" Laurian alisimama.

"Kaa, mwanangu. Utanichukia vizuri ukiwa umekaa."

Alirudi mezani akichechemea, lakini kichwa juu.

"Marudiano," alisema.

Mselemu alicheka akingoja kipande cha pili cha utani. Hakikuja. "Una wazimu wewe?"

"Nilikuwa nao tangu zamani. Leo umepungua."

"Chediel. Una tiketi ya fainali mkononi."

"Nimeifuta. Tazama." Akamwonyesha mkono, bluu imetapakaa kama mawingu. "Jumamosi, saa kumi. Njoo na watoto wa watu, na mama zao wanaokujua kwa jina, wote. Chakula juu yetu."

"Mwalimu, hii si haki! Mimi nimeshasaini!"

"Wewe umesaini na yeye amekataa," alisema Anastazia, akiandika polepole kwa herufi za kuungana. "Kanuni haijasema nani ana akili." Alipomaliza alimtazama Chediel kwa muda, kama anayetazama mtoto mtukutu aliyepata hesabu ngumu peke yake, na ambaye haifai kumsifu mbele ya wenzake.

Laurian alivua glovu, kidole baada ya kidole, akazitupa kwenye mfuko wa mipira. Gari lilivuka tambarare, likateremka mlima na kona zake zote, likafika Sekenke, bila yeye kumpa kocha wake hata neno. Wiki nzima mazoezini alidaka kila kitu na hakusema lolote. Chediel alimwacha. Kijana alikuwa na haki yake, na haki ya mtu huwezi kuipoza kwa mzaha.

Jumamosi ilikuja na mabasi mawili. Mselemu alikuwa ameupokea mwaliko kwa hasira, lakini aliutimiza kwa ukamilifu: mama zao walikuwamo, pamoja na shangazi wawili na mzee mmoja aliyesema amekuja kuona mlima tu. Watu wa Sekenke walisimama kando ya uwanja wakiwa wamevaa nguo za sikukuu, wamenyamaza kwa haya, kama bwana harusi asiyejua aweke wapi mikono. Makarasha ya kusagia mawe, ambayo hayanyamazi hata Idi wala Krismasi, yalizimwa yote. Chediel hakujua kwamba Sekenke ina kimya kikubwa namna hiyo.

Mselemu aliingia uwanjani peke yake kwanza. Alitembea kwa kisigino, akikandamiza kila hatua, kama mtu anayevuka mto asioujua. Alipofika upande wa kaskazini Dina alimwambia kutoka kwenye masufuria yake, "Kanyaga tu, baba. Hapo nimepashindilia mwenyewe." Mselemu hakuuliza kwa nini yeye. Lakini aliusikia uzito wa sauti, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kukaa kwenye benchi lake bila mzaha wowote.

Laurian alikuwa amesema kweli. Mwankoko walikuwa na mbio. Dakika ya thelathini na nane winga wao, kijana mwembamba ambaye Chediel hakuweza kumtazama bila goti kumuuma, alimpita beki wa kwanza, akampita wa pili, akauinua mpira kwa ncha ya kiatu juu ya mikono mirefu ya Laurian. Ukashuka taratibu, ukaingia.

Lilikuwa bao la kwanza la mashindano kuingia kwenye uwanja ule. Na akina mama wa Sekenke, waliokuwa wameungojea uwanja huo upate bao tangu debe la kwanza la mchanga, wakapiga vigelegele. Vilipanda kutoka pande zote, virefu, vya harusi kabisa. Mmoja alifungua kanga akaipepea. Wachezaji wa Mwankoko waliacha kushangilia ili wasikilize. Laurian, mpira mkononi, aliwageukia mama zake kwa macho ya mtu aliyeuzwa mnadani.

"Wamefunga wao, shemeji!" Chediel alimwambia Dina.

"Tumeona."

"Sasa vigelegele vya nini?"

"Lilikuwa zuri." Alikoroga sufuria. "Wewe hukuliona?"

Mapumziko, wageni walikaa kivulini mwa mabasi yao wakipokea uji wa ulezi kwa mikono miwili. Ignas alisimama kando ya mkewe, aliyekuwa akimweleza kwa vidole jambo fulani kuhusu beki wa kushoto, naye akiitikia kwa kichwa kwa utii ambao kocha wake hajawahi kuuona. Dina alikuja na bakuli, akalikabidhi kwa Chediel, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Hivi hawa wakiondoka leo, watarudi lini?"

"Hawarudi. Ni mtoano, shemeji. Anayeshinda anaendelea, anayefungwa anakwenda kwao."

"Na sisi tukiwafunga?"

"Hawarudi pia."

Dina alifikiri. Wale mama wa Mwankoko walikuwa wameanza kuuliza njia ya kwenda kuona mwalo, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, na wenyeji wanane walikuwa wakiwaelekeza kwa mpigo. "Na ikiwa sare?"

"Tunarudia kwao."

"Ikiwa sare na huko?"

"Hapo ndiyo wanarudi hapa."

Alihesabu Jumamosi kwenye vidole, akafika kwenye cha pili, akakishika. "Maharage yangu yale ya bondeni yatakuwa tayari," alisema, akaondoka na ndoo yake.

Filimbi ililia. Timu ziliingia. Chediel aliinuka, akasogea hadi kwenye mstari, akaweka viganja mdomoni.

"Ignas! Bao moja! Moja tu linatosha!"

Laurian, akielekea golini, alisimama. Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi iliyopita alimwangalia kocha wake usoni.

"Linatosha kwa nini, Kocha? Kwa sare?"

Chediel aliweka mkono nyuma ya sikio, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu ambaye upepo umemnyang'anya maneno. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.